Barka da shan ruwa: Maji unayofuturia yamebebwa na nani?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeteremsha maji kutoka mawinguni na kwayo akakihuisha kila kilicho hai. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Masahaba wake na kila mwenye kufuata nyendo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Sisi tunaozungumza Kiswahili, jua la Ramadhani linapozama tunasema tunafuturu, neno tulilolipata katika Kiarabu. Ndugu zetu Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria wana neno lao la kienyeji kabisa. Wao husema shan ruwa, yaani kunywa maji. Ukikutana na jirani baada ya Magharibi utamsikia akikwambia, "Barka da shan ruwa", kwa maana ya kukupongeza kwa kuwa umejaaliwa kunywa maji. Hakutaja nyama, hakutaja tende wala sambusa. Ametaja maji peke yake.

Mwanzoni niliichukua kuwa ni salamu tu kama salamu nyingine. Maana yake niliielewa katika Ramadhani ya mwaka 1445 Hijria, yaani Machi na Aprili 2024, niliyofunga katika jiji la Kano nilikokwenda kusoma. Ramadhani ile ilinifunza somo ambalo sikulipata katika ukumbi wowote wa mihadhara. Kulisimulia kunanitia aibu, lakini nalisimulia kwa sababu nahofia maradhi yaliyonishika kule hayakuishia kule.

Ramadhani katika jiji la joto

Kano ni mji mkongwe wa Kiislamu. Tangu zama za mfalme Muhammadu Rumfa, aliyetawala mwaka 1463 hadi 1499, soko lake la Kurmi lilikuwa kituo cha misafara iliyovuka jangwa la Sahara. Kwa mfalme huyo alifika mwanachuoni Muhammad al-Maghili kutoka Tlemcen, akamwandikia risala ya kumkumbusha uadilifu wa mtawala. Kwa hiyo mtu anapofunga Kano anafunga mahali ambapo adhana imesikika kwa karne nyingi.

Lakini Kano iko mbali na bahari. Hakuna upepo wa pwani wa kumpoza mtu jioni. Kati ya Machi na Mei kuna msimu ambao Wahausa wanauita bazara: ule upepo wa vumbi la jangwani umekwisha, na mvua hazijafika. Mchana joto hufika digrii 40. Ukuta wa udongo unaushika moto ule mpaka usiku wa manane, na umeme ukikatika feni husimama, watu wakatoa mikeka wakalala uani. Ramadhani ya 2024 ilianza Jumatatu tarehe 11 Machi, baada ya Sultani wa Sokoto kutangaza kuandama kwa mwezi, ikatimia siku 30, Idi ikawa Jumatano tarehe 10 Aprili. Yote ilikuwa ndani ya bazara. Kila siku ni takriban saa 13 bila tone la maji.

Juu ya joto kulikuwa na ugumu wa maisha. Mei 2023 serikali ya Nigeria iliondoa ruzuku ya petroli, na mwezi uliofuata sarafu ya naira ikaachiwa ishuke. Kwa takwimu za serikali yenyewe, Machi 2024 bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa asilimia 40 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Mtu aliyekuwa akinunua gunia alinunua bakuli, na aliyekuwa akinunua bakuli akakopa.

Pamoja na hayo, wallahi ni Ramadhani ya kupendeza. Mchana misikiti hujaa watu wa tafsiri. Qur'ani husomwa aya kwa aya na kufafanuliwa kwa Kihausa, na redio huipeleka sauti ile mpaka kwa fundi cherehani na muuza vitunguu. Kuanzia Alasiri akina mama hukaa barabarani na makarai wakikaanga kosai, ambazo ni bagia za kunde, na ndani hupikwa kunu, uji wa uwele uliotiwa ukwaju. Karibu na Magharibi watoto hupita vichochoroni na mabakuli yaliyofunikwa, huyu anapeleka kwa jirani, yule analeta kutoka kwa jirani. Baada ya kumi la kwanza watoto hao hao hucheza tashe: hujipaka rangi usoni, hupiga ngoma na kuigiza nyumba hadi nyumba, wakapewa zawadi. Adhana ikikaribia, vijana husimama njia panda na tende na maji ya mifuko ili msafiri asikose la kufungulia.

Mtu akiona hayo husema Uislamu uko hai. Nami nilisema hivyo. Ila sikuwa nimejiuliza yale maji yamefikaje njia panda.

Msukuma mkokoteni

Mabomba ya maji hayafiki kila nyumba ya Kano, na yanapofika si kila siku hutoa. Mtaa niliokaa ulitegemea wanaume wanaosukuma mikokoteni ya madumu. Wengi wao ni wakulima kutoka vijijini. Mavuno yakiisha huingia mjini kutafuta riziki ya kiangazi, jambo ambalo Wahausa huliita cin rani, na mvua za kwanza zikinyesha hurudi kulima. Hujaza madumu kwenye kisima cha mashine au kwenye pampu ya mkono, ambayo huitwa tuka-tuka, kisha husukuma mlango kwa mlango. Hebu tupige hesabu. Madumu 10 ya lita 20 ni lita 200. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi ni kilo 200, bila kuhesabu chuma cha mkokoteni, kwenye mchanga, juani, na msukumaji amefunga.

Ilikuwa siku ya saba au ya nane. Sala ya Adhuhuri ilikuwa imepita, umeme haupo, na chumba changu kilikuwa kama tanuri la mkate. Nikasema moyoni, nikioga maji mengi nitaimaliza siku hii. Kujimwagia maji si kosa. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba Mtume (S.A.W.) alionekana akijimwagia maji kichwani akiwa amefunga, kwa sababu ya kiu au joto. Hoja hiyo niliijua vizuri. Nikamtuma mtoto wa jirani aniitie muuza maji.

Alikuja akihema. Akamimina madumu yake kwenye pipa langu, moja baada ya jingine, kisha akataja bei. Ilikuwa imeongezeka naira 20 kwa kila dumu. Nikakasirika. Nikamwambia kwa Kihausa changu cha kuokoteza, "Malam, hata katika Ramadhani mnapandisha bei? Hamumuogopi Mwenyezi Mungu?" Hakunijibu. Nikampa bei ya zamani, akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka.

Nikaoga, nikapoa, nikavaa kanzu safi, nikatoka kwenda darsani. Nilipopinda kona nikamwona yule bwana. Amechutama kwenye kivuli cha ukuta, ameushika mfuko wa maji kwa meno, anakunywa.

Ndugu msomaji, nataka nikuambie ukweli wa kilichopita moyoni mwangu. Sikumhurumia. Nilifurahi. Nilimwona mwizi wangu wa naira 20 amejifichua.

Hatua chache kutoka pale alikuwa ameketi mlangoni kwake mzee wa mtaa, mwalimu wa Qur'ani wa miaka mingi. Nikamsalimia kwa adabu, kisha nikampa habari ile kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Akaniuliza, "Umemwona anakunywa?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Na alipoanza kufunga, ulimwona?"

Nikasema, "La."

"Mimi nilimwona. Tumekula daku pamoja hapa nilipokaa. Amenuia kama ulivyonuia wewe. Amesukuma tangu baada ya Alfajiri, na sasa hivi kizunguzungu kimemwangusha pale ukutani. Mfuko ule wa maji nimempa mimi, na mimi ndiye niliyemwamrisha anywe." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, mkokoteni wa mwisho aliupeleka kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Maji ya mkokoteni ule yalikuwa bado yanachuruzika kwenye nywele zangu.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba ile naira 20 haikuwa yake. Mwenye kisima alikuwa ameongeza bei ya kujazia kwa sababu ya dizeli ya jenereta. Kwa hiyo kwa bei niliyomlipa mimi, jasho lake lote la safari ile lilikwenda karibu bure.

Nani aliondoka na thawabu?

Imesimuliwa na Anas bin Malik (R.A.), na wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba Masahaba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.) siku ya joto kali, baadhi yao wamefunga na wengine hawakufunga. Walipopiga kambi wenye kufunga walianguka kwa uchovu. Wale ambao hawakufunga wakasimama, wakapiga mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba siku ile thawabu wamekwenda nazo wale ambao hawakufunga.

Hadithi hii niliisoma nikiwa kijana na nimewafundisha wanafunzi wangu katika mlango wa ruhusa ya msafiri. Siku ile Kano ndipo nilipoisoma kwa maana yake nyingine. Swaumu inayomlaza mtu kitandani huku mwenzake akibeba mizigo yake ina haja ya kuhesabiwa upya. Mimi nilifunga kwa miguu ya mtu mwingine. Ubaridi wa funga yangu ulilipwa kwa funga yake. Yeye atailipa siku ile kwa kadhaa, mimi nitailipa kwa nini?

Isieleweke kwamba kila mwenye kazi ngumu aamke na kula. Wanachuoni wamefafanua kwamba mfanyakazi wa namna hii huamka amenuia na amefunga, na akifikwa na dhiki inayohofiwa kumdhuru, hufungua kisha akailipa siku hiyo baadaye. Mwenye hali mahsusi amuulize shekhe wake. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametufahamisha katika Suratul-Baqara, aya ya 185, pale pale anapotaja Ramadhani, kwamba anatutakia wepesi na hatutakii uzito. Nasaha yangu ni kwamba wepesi huo mara nyingi Mwenyezi Mungu huupitisha mikononi mwetu. Sisi ndio tunaoweza kumwekea mtu muda wa kazi ukawa rahma au ukawa adhabu.

Katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewaita watumishi wetu kuwa ni ndugu zetu, akakataza kuwakalifisha wasichoweza, na akaagiza kwamba tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Agizo hilo ni la miezi yote. Itakuwaje katika mwezi wa Qur'ani?

Hisba ya midomo na hisba ya mizani

Kano ina Bodi ya Hisbah iliyoundwa kwa sheria mwaka 2003. Katika Ramadhani hiyo hiyo ya 2024, vyombo vya habari viliripoti kwamba watu 11 walikamatwa kwa kuonekana wakila mchana, kisha wakaachiwa baada ya kuapa kuwa hawatarudia. Sikusudii kujadili hapa uamuzi wa watu wa nchi nyingine. Najadili nafsi yangu, kwa sababu siku ile pale ukutani nilikuwa bodi nzima ya hisba peke yangu: mkamataji, shahidi na kadhi.

Hebu tukumbuke chimbuko. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini. Akamkemea mwenye nafaka na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hii ameipokea Muslim. Mkono ule mtukufu uliingia katika bidhaa ya mwenye mali, palipofichwa dhulma. Na Suratul-Mutaffifiin inaanza kwa kuwatishia maangamizi wale ambao wao wakipimiwa hutaka kamili na wakiwapimia wengine hupunguza.

Mimi nilijipimia madumu kamili, nikampimia mwenzangu malipo pungufu. Kisha nikaenda kuchungulia mdomo wake. Je, katika sisi wawili, aliyestahiki kukaguliwa ni nani? Bukhari amepokea hadithi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu (S.W.) anatamka kwamba Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, asimpe ujira wake. Tena Bukhari amepokea kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja ya yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Nami nilikuwa nimemzulia mtu kwamba hamuogopi Mola wake.

Mkeka wa mlangoni

Jioni ile yule mzee alinialika kwenye mkeka wake. Ni ada ya mitaa ile wanaume kutoa vyakula nje na kula pamoja mbele ya nyumba. Msukuma mkokoteni naye alikuwepo. Nilimlipa haki yake na nikamwomba radhi mbele ya watu, maana nilimvunjia heshima mbele ya mtoto. Akasema, "Babu komai", yaani hakuna neno.

Adhana ilipolia mzee alichota maji ya kwanza mtungini akampa yeye. Akakataa. Akasema amefundishwa kwamba mwenye kuwanywesha watu hunywa mwisho. Nikashituka, kwa kuwa hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Muslim. Mtu niliyemhukumu kwa kutomuogopa Mungu alikuwa anaitendea kazi Sunna ambayo mimi naifundisha. Mzee akacheka, akamwambia, "Umesema kweli. Lakini anayenywesha sasa hivi ni mimi. Wewe ni mgeni. Kunywa."

Tangu siku iliyofuata mtaa ule ulikubaliana mambo mepesi. Maji yatapokewa baada ya Isha au kabla ya jua kupanda, na atakayeyataka mchana awe na mgonjwa au mtoto mchanga. Fedha italipwa pale pale na kwa bei ya haki. Hakikuundwa chama wala haukuitishwa mkutano. Yalisemwa mlangoni baada ya Taraweh, yakashikwa.

Na sisi je?

Ndugu Waislamu, wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajafika Kano na pengine hawatafika. Lakini Dar es Salaam pia ina joto, na ina mikokoteni ya madumu. Na katika nyumba zetu yumo binti wa kazi, ambaye amefunga kama sisi, aliyekaa na moto wa jiko tangu Alasiri akisonga, akikaanga na kukamua juisi. Adhana ikilia anaitwa alete barafu. Kisha anaitwa alete chumvi. Anafungulia jikoni, amesimama, kwa mabaki. Kwenye mkeka sisi tunaomba dua ya futari na kusema kiu imeondoka. Imeondoka kwa nani?

Hebu basi tuazimie mambo manne. Kwanza, kazi nzito tuzisogeze usiku au asubuhi na mapema, na zisizo za lazima tuziahirishe. Pili, ujira tuutoe kabla jasho halijakauka, kama alivyoagiza Mtume (S.A.W.) katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, na tuache kumkaba kwa bei maskini ambaye hata hiyo bei hakuipanga yeye. Tatu, aliyetupikia na aliyetubebea akae nasi mkekani adhana ikilia, na anayehitajika kuinuka ainuke mwenye nyumba. Nne, tukimwona mtu anakunywa mchana, tuanze kwa kumdhania udhuru na kujiuliza kama katika udhuru wake hatuna mkono.

Na mwenye uwezo zaidi, mlango uko wazi. Sa'd bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (S.A.W.) ni sadaka gani bora, akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima. Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu wanywe. Kama watu wanasukuma kilo 200 kwa sababu kisima kiko mbali, basi kisima kilicho karibu kinawapunguzia watu mzigo na kuwahifadhia funga zao.

Katika Suratul-Waaqi'a Mwenyezi Mungu (S.W.) anatuuliza kuhusu maji tunayoyakunywa: je, ni sisi tuliyoyateremsha kutoka mawinguni, au ni Yeye? Jibu letu sote ni kwamba ni Yeye, na tunamshukuru. Lakini kutoka kisimani mpaka mlangoni kwetu amewapitishia waja wake, na kuhusu hao pia tutaulizwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, awasamehe wale tuliowabebesha mizigo yetu, atusamehe na sisi tuliowabebesha, na awape maji safi ya karibu ndugu zetu wa Kano na kila mahali penye kiu. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.